Mtoto Anyamazaye Darasani

Katika madarasa mengi ya Kalemie, tangu shule zilizo karibu na ziwa hata zile za juu vilimani, yupo mtoto ambaye mwalimu akiuliza swali yeye huinamia meza. Si kwamba hajui. Mara nyingi jibu analo, na jirani yake akilitoa yeye hujipiga paja kwa uchungu, kwa kuwa ndilo lile lile alilokuwa nalo mdomoni. Jioni, nyumbani, bibi yake humsifu mbele ya wageni: mtoto mpole huyu, hana maneno mengi, ana adabu. Shuleni mwalimu huandika katika buletini yake kwamba ni mwoga, hashiriki masomo. Nyumba yamwita mnyenyekevu, shule yamwita mwoga, na mtoto ni mmoja. Nani kati yao asema kweli?

Swali hili si dogo, maana unyenyekevu ni fadhila na woga si fadhila. Mtu akichanganya viwili hivi, atamsifu mtoto kwa ajili ya kitu kinachomtesa, au atamkemea kwa ajili ya kitu chema kilichomo ndani yake. Tena si swali la watoto peke yao. Wakatekumeni wengi ni watu wazima wenye mashamba na wajukuu, nao siku wanapoulizwa mafundisho mbele ya wenzao husikia magoti yakilegea kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Tuanze na adabu yenyewe, kwa maana wazee hawakuwa wajinga walipoifundisha. Mtoto aliyelelewa vema haingilii mazungumzo ya wakubwa. Lakini mzee akimwita kwa jina na kumwuliza, «Baba yako amekwenda wapi? Mbuzi wamerudi wangapi?», mtoto yule hujibu mara moja, kwa sauti ya kusikika, na asipojibu hukemewa. Kunyamaza mbele ya aliyekuuliza hakukuhesabiwa kuwa adabu hata siku moja. Kulihesabiwa kuwa dharau, au ugonjwa. Basi adabu ni kujua saa ya kusema na saa ya kunyamaza. Mwalimu darasani ni mkubwa, naye ameuliza. Adabu ile ile ya nyumbani yamtaka mtoto ajibu. Kama hajibu, sababu yake itafutwe mahali pengine.

Na mahali penyewe hapafichiki sana. Anyamazaye kwa adabu ametulia. Anasikiliza, na moyo wake u mahali pake. Anyamazaye kwa woga hana utulivu wo wote: ndani yake mna kelele nyingi kuliko sokoni. Anajiuliza nani atacheka, mwalimu atamtazamaje, neno lile la Kifaransa ni la kiume au la kike. Mpaka amalize kujiuliza, swali limekwisha kupita.

Sababu za woga huo ni nyingi, na si haki kumtwika mtoto zote peke yake. Iko lugha. Mtoto wa Kalemie huota ndoto kwa Kiswahili na hununua ndakala kwa Kiswahili. Wengine nyumbani husema Kiluba, Kitabwa, Kiholoholo au Kibembe. Kisha katika madarasa ya juu masomo yote huja kwa Kifaransa. Hivyo kila anapoulizwa ana kazi mbili: kwanza atafute jibu, halafu alitafutie nguo za kulivika ili liweze kutoka nje. Mara nyingi jibu limepatikana na nguo zimekosekana. Iko pia idadi ya wanafunzi. Tangu Septemba 2019, serikali ilipotangaza kwamba masomo ya shule za msingi za umma ni bure, watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani kwa kukosa fedha walikuja shuleni, na hilo ni jambo jema. Lakini madawati hayakuongezeka kwa kadiri ya watoto, na mwalimu mwenye umati mbele yake hawezi kungoja ulimi wa kila mmoja ulegee. Tena wako wale waliopotezwa na vita. Mapigano kati ya Waluba na Wabatwa, yaliyopamba moto mwaka 2016 na 2017, yaliwafukuza watu wengi sana katika vijiji vya Tanganyika, wakakaa kambini kandokando ya Kalemie. Watoto wakakosa shule mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Kijana aliyerudi darasani akiwa na miaka kumi na minne, akakaa kati ya watoto wa miaka tisa, magoti yake hayaingii chini ya dawati. Huyo akinyamaza, ni nani atakayemshangaa?

Kupita yote hayo iko siku ya kusomwa majina. Mwaka wa shule unapokwisha, mwanzo wa Julai, wazazi na watoto hukusanyika, na mkuu wa shule husoma matokeo kwa sauti mbele ya wote. Ndiyo siku ile iitwayo proklamasio. Aliye wa kwanza hupigiwa makofi na mama yake hupiga vigelegele. Lakini mstari wa kupita ni hamsini kwa mia, na aliyepata arobaini na tisa husikia jina lake mbele ya jirani, mbele ya mjomba, mbele ya msichana au mvulana ambaye hangependa kabisa asikie. Wako watoto ambao tangu Mei hawalali vizuri kwa kuifikiria siku hiyo. Tumbo lauma, kichwa chauma, chakula hakishuki. Nyumbani husemwa kwamba wamerogwa, na kuku mweupe hutafutwa.

Hawakurogwa. Mwili wa mtu umeumbwa hivi, kwamba akiona hatari hujitayarisha kukimbia au kupigana: moyo hudunda mbio, mikono hutoa jasho, pumzi huwa fupi. Ni msaada mwema mtu akikutana na mamba mtoni. Lakini mbele ya karatasi ya hesabu hakuna pa kukimbilia wala wa kupigana naye, na nguvu zile zote hubaki ndani zikimtikisa mwenyewe. Hapo yale aliyoyajua jana hayaonekani, kama vile mtu apekuavyo mfuko gizani kwa haraka asipate ufunguo uliomo. Haya yampata mtoto mwenye akili na asiye na akili nyingi vile vile. Pengine mwenye akili humpata zaidi, kwa kuwa ana la kupoteza.

Mtu atauliza: kama woga ni kitu cha mwili, kwa nini kuuhesabu katika mambo ya fadhila na makosa? Jibu ni kwamba kutetemeka si kosa. Yesu mwenyewe alihuzunika na kutoka jasho katika bustani ya mizeituni. Swali la fadhila huanza baadaye, pale mtu anapoamua afanye nini na kutetemeka kwake.

Katika jambo hili yuko mwalimu ambaye hakuna mwanafunzi mwoga atakayemkataa. Mtakatifu Toma wa Akwino alizaliwa Italia yapata mwaka 1225. Alipokuwa kijana, akisoma mjini Cologne katika Ujerumani, alikuwa mnene wa mwili, na darasani hakusema neno. Wenzake wakampa jina la kumcheka, wakamwita Ng'ombe Bubu. Yasimuliwa kwamba mwalimu wao, Mtakatifu Alberto, ndiye aliyewanyamazisha: aliwaambia kwamba siku moja sauti ya ng'ombe huyo itasikika ulimwenguni kote. Na kweli ilisikika. Toma alipokuwa mtu mzima, katika kitabu chake kikubwa kiitwacho Summa, aliandika juu ya kosa moja ambalo watu wengi hawalidhanii kuwa kosa, ndilo kuwa na moyo mdogo. Kama vile mwenye majivuno anavyovuka kipimo cha nguvu zake, asema Toma, ndivyo mwenye moyo mdogo anavyokaa chini ya kipimo chake, akikataa kufanya lile analoliweza. Mfano wake autoa katika Injili: mtumishi yule aliyepewa talanta moja akaifukia ardhini. Mtumishi huyo hakuiba, wala hakulewa. Aliogopa tu.

Hapa watu wa dini hupenda kuleta pingamizi. Je, unyenyekevu si kujiona kuwa si kitu? Hapana. Unyenyekevu ni ukweli. Mwanafunzi aliyepata arobaini akitangaza kwamba amepata sitini, kila mtu ajua kwamba amesema uongo. Aliyepata sitini akisema kwamba ni arobaini, naye amesema uongo, ingawa uongo huo wapendeza masikioni mwa wazee. Na zaidi ya hayo: kama akili ni kitu alichopewa, basi anayeidharau hajidharau mwenyewe tu, amdharau na aliyempa.

Lugha ya Kiswahili inalijua jambo hili kuliko wasemaji wake. Kuamini, imani, uaminifu, amani na amana ni maneno ya mzizi mmoja. Amana ni kitu ulichowekewa na mwenziwe ukitunze, si chako, na siku moja utaulizwa. Ajiaminiye basi si mtu ajipigaye kifua akisema, «Hakuna anishindaye.» Ni mtu ajuaye kwamba amewekewa kitu, akakubali kukifanyia kazi. Kwa hiyo mtoto anayejiamini aweza kabisa kuwa mpole, tena mwenye sauti ndogo. Na mpiga kelele wa nyuma ya darasa, anayeinua mkono kabla swali halijaisha, mara nyingi ni mwoga aliyevaa ngozi nyingine.

Lakini amana haiji bila mwenye kuiweka. Hapo ndipo washauri wengi wa vijana hukosea: humwambia mtoto, «Jiamini!», kana kwamba ni kitu anachoweza kujichotea kisimani mwenyewe. Mtu hajiamini kabla ya kuaminiwa. Toma aliona hili pia; aliandika kwamba hata mwenye moyo mkuu ahitaji msaada wa Mungu na wa watu, na kwamba kuwategemea wawezao kumsaidia si unyonge. Ng'ombe Bubu alikuwa na Alberto.

Nchi ya ziwa hili nayo ina ushuhuda wake, na si wa mbali. Stefano Kaoze alizaliwa yapata mwaka 1885 katika nchi ya Marungu, kusini mwa Kalemie. Alisoma seminari ndogo ya Mpala, kisha seminari kubwa ya Baudouinville, mji uitwao leo Moba. Mtu afikiri kidogo juu ya kijana huyo. Kilatini mbele yake, Kifaransa mbele yake, falsafa mbele yake, na katika nchi yote iliyoitwa Kongo ya Wabelgiji hapakuwa na padri mwenyeji hata mmoja ambaye angeweza kumtazama na kusema, «Yule ameweza, nami nitaweza.» Wazungu wengi wa siku zile walisema wazi kwamba Mwafrika hataweza. Miaka ikapita mingi, wenzake wa rika wakaoa na kujenga, yeye bado yu katika vitabu. Mwaka 1910 na 1911, akiwa bado mwanafunzi, maandiko yake kwa Kifaransa juu ya mawazo na tabia za watu wake yalichapwa huko Ubelgiji katika La Revue congolaise. Yahesabiwa kuwa kati ya maandiko ya kwanza kabisa ya Mkongo katika lugha hiyo. Tarehe 21 Julai 1917 Monsinyori Victor Roelens akampa upadri huko Baudouinville. Akafanya kazi miaka zaidi ya thelathini, akafa mwaka 1951 mjini Albertville, ndio Kalemie hii.

Wasimuliao habari za Kaoze hupenda kusifu akili yake, na kweli alikuwa nayo. Lakini yafaa kuangalia na jambo jingine. Hakungoja ajiamini ndipo aanze Kilatini. Alianza, na waalimu wakampa somo la leo, kesho wakampa la kesho. Kule kuaminiwa na kule kufanya vikaenda pamoja kama miguu miwili. Na askofu yule, ambaye kwa mambo mengine alikuwa mtu wa zamani zake, na mgumu, katika hili alishika neno lake hata mwisho. Kama angeondoa mkono katikati ya safari, pengine leo wangesema kwamba Kaoze alikuwa kijana mpole tu wa Marungu, hana maneno mengi.

Basi waulizwe wakubwa pia. Vijiji vya wavuvi vimejaa vijana wa miaka kumi na minne, kumi na mitano, ambao usiku usio na mwezi, taa zinapoweza kuvuta ndakala, huingia ziwani pamoja na baba zao wadogo. Kijana wa namna hiyo hushika taa, husikiliza upepo, huijua saa ya kuvuta wavu. Wimbi likiingia mtumbwini yeye ndiye achotaye maji bila kutetemeka. Asubuhi yake, macho mekundu, aulizwa saba mara nane ni ngapi, na ulimi wamganda. Mwalimu ambaye hajapata kulala ziwani atamwita mwoga. Mwalimu mwenye akili atamwuliza: mabeseni manane ya ndakala, na kila beseni latoa makopo saba, utapeleka sokoni makopo mangapi? Jibu litatoka kabla ya wengine kuanza kuhesabu vidole. Ujasiri anao, haujavuka tu mlango wa darasa, na wa kuufungua mlango ule ni mwalimu.

Na kicheko? Wengi huona kwamba kicheko cha darasani ni mchezo wa watoto. Si mchezo. Mtoto mmoja akikosea neno moja la Kifaransa, na watoto sabini wakicheka, na mwalimu akitabasamu pamoja nao, mtoto yule aweza kufunga mdomo mpaka darasa la sita. Aliyecheka amesahau kabla ya kengele kulia. Aliyechekwa ahesabu mpaka leo. Kuua neno mdomoni mwa mwenzio ni kosa dhidi ya jirani, na waalimu wafanyao hivyo kwa makusudi, ili darasa liwaogope, wana la kujibu zaidi kuliko watoto.

Woga ulioachwa bila msaada hutafuta njia zake. Kijana mmoja ataenda kwa mganga kutaka dawa ya akili, apakwe usoni kabla ya mtihani. Mwingine atanunua majibu, hasa katika mtihani wa serikali unaomaliza shule ya sekondari, ambao ulianza mwaka 1967 na ambao wanafunzi wauita Exetat. Wako na wasichana ambao mtu mzima asiye na haya huwaambia kwamba pointi zina bei nyingine. Kosa la hapo ni la mtu mzima, na msichana amwambie mzazi au padri au sista bila kungoja. Njia hizi zote zina ubaya wao kwa amri za Mungu, kila mtu ajua. Ubaya wao mwingine husahauliwa: zamnyang'anya mtu kile kile alichokitafuta. Matokeo ya Exetat yakitoka, waliopita hunyunyiziwa poda nyeupe kichwani, nao hupita barabarani wakiimba. Aliyenunua majibu naye anyunyiziwa poda ile ile. Lakini yeye peke yake ajua kwamba bado hajui kama angeweza. Kesho akipewa kazi, atatetemeka upya, na safari hii hapatakuwa na mwuza majibu.

Wako pia wanaojitahidi kwa haki na wasipite. Hao wasiambiwe kwamba haidhuru. Yadhuru, mwaka ni mwaka, na minervali ya sekondari hailipwi kwa majani. Waambiwe kweli, na kweli ni kwamba pointi zapima karatasi moja ya siku moja. Yohane Maria Vianney, mwana wa wakulima wa Ufaransa, alishindwa na Kilatini vibaya sana, na seminari ya Lyon ikamwondoa. Padri mmoja mzee aliyemfahamu hakukubali. Akamfundisha nyumbani kwake kwa lugha yao ya kila siku. Vianney akapata upadri mwaka 1815, akapelekwa katika kijiji kidogo kiitwacho Ars, mahali ambapo hapakudhaniwa kwamba angeharibu kitu, na watu wakaja kutoka Ufaransa yote kuungama kwake. Kilatini chake hakikuwa kizuri sana hata mwisho.

Wabaki wakatekumeni. Mama mzee aliyelima muhogo miaka hamsini, aliyezaa na kuzika, aketi kwenye benchi kati ya vijana wasomao vitabu mbio. Sala anazijua zote. Akiwa shambani azisema bila kukosa. Siku ya kuulizwa zamtoroka. Afanye nini? Asingoje woga uishe, kwa kuwa huenda usiishe. Jioni, moto ukiwaka, amwite mjukuu wake yule anyamazaye darasani, amwambie achukue katekisimu na kumwuliza bibi yake maswali, moja moja, kwa sauti, naye ajibu kwa sauti, na akikosea mjukuu amsahihishe. Baadaye wabadilishane: mtoto asome somo lake la Kifaransa, bibi asikilize. Hataelewa neno, wala si lazima. Atajua tu kama sauti imekatika njiani au imefika mwisho.